Vyama vyote baba mmoja, mama mmoja: kura ni ya nini?

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa Historia hawezi kuyakwepa siku hizi, hakuna linaloniumiza kichwa kama hili: ikiwa chama kinachotawala kimewavunja wananchi moyo, na kile kilichotarajiwa kukikosoa kimekwenda kuketi nacho meza moja, mtu ataamka alfajiri kupanga foleni kwa ajili gani? Wanaouliza si wajinga, wala si wavivu. Ni wanafunzi wanaosoma magazeti, na walimu wenzangu waliosimamia vituo vya kura tangu hesabu ilipofanywa kwa mwanga wa karabai.

Na ushahidi wanao. Mwaka 2022 chama cha UDA kiliwaahidi mahasla, yaani makabwela wa kujitafutia riziki, serikali iliyo yao wenyewe. Miaka miwili haikutimia kabla ya serikali hiyo kuleta Mswada wa Fedha uliowatoa vijana barabarani. Nacho chama cha ODM, kilichokuwa mhimili wa upinzani, kilifanya nini? Julai 2024 Rais William Ruto aliteua vigogo wa ODM kuwa mawaziri, na Wizara ya Fedha yenyewe ikamwangukia John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho. Machi 7, 2025 Rais na Raila Odinga, ambaye alifariki Oktoba mwaka uo huo, walitia sahihi mapatano baina ya vyama hivyo viwili. Jambo lilo hilo tulikuwa tumeliona Machi 9, 2018, Raila alipopeana mkono na Uhuru Kenyatta.

Wapo wasemao kwamba mapatano hayo yaliituliza nchi. Sitawabishia. Yeyote akumbukaye miezi ile ya 2007 na 2008, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, hawezi kuidharau amani. Walakini mpigakura aliyepigwa jua mchana kutwa ili amkatae huyu na amchague yule, kisha akawakuta wote wawili wanakula sahani moja, ana haki ya kuuliza kura yake ilikwenda wapi.

Tusisahau pia kwamba vyama vyetu havijawahi kuwa vyama kwa maana tunayofundisha darasani. Ni matatu. Mwenye gari akishuka, utingo hushuka, abiria hubaki wamening'inia, na gari lenyewe hupakwa rangi mpya likapewa jina jingine. Baada ya KANU kuanguka 2002, kila uchaguzi wa urais umeshindwa kwa bendera tofauti: NARC, PNU, Muungano wa Jubilee, Chama cha Jubilee, kisha UDA. Anayengoja chama kikomae, kiwe na itikadi, ndipo apige kura, atangoja sana.

Basi je, tukae nyumbani? Hapo ndipo ninapotengana na wanaouliza.

Tutazame uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65. Maana yake ni kwamba waliosusia, waliochoka, waliochelewa na waliopuuza walizidi milioni 7, tena walikuwa wengi kuliko wote waliompigia kura mshindi! Ruto alipata 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti baina yao ilikuwa kura 233,211. Mwalimu wa Hisabati na agawanye idadi hiyo kwa vituo 46,229 vilivyotumika: atapata kura 5 kwa kila kituo. Vituo hivyo vingi vilikuwa madarasa yetu haya haya. Watu watano hawajazi hata madawati mawili.

Mwanafunzi mwerevu atanijibu kwamba watano hao, wangeelekea upande wowote ule, wangepata kile kile. Jibu hilo lina uzito, nami nitalirudia. Lakini kwanza tujiulize: wale milioni 7 na ushei walisikika wakisema nini? Ni nani aliyewahesabu kuwa wapinzani? Kimya hakina lafudhi. Aliyekaa nyumbani kwa hasira na aliyekaa kwa sababu ng'ombe amezaa huandikwa safu moja. Karatasi yetu ya kura haina nafasi ya kusema “simtaki yeyote”. Na ukiiharibu makusudi, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingizwi katika kukokotoa asilimia ya mgombea urais.

Kususia kwa pamoja nako tumekujaribu, tena kwa amri ya kiongozi. Baada ya mahakama hiyo kuubatilisha uchaguzi mnamo Septemba 1, 2017, marudio yalifanywa Oktoba 26. Upinzani ukasusia. Waliopiga kura hawakufika asilimia 40, na katika sehemu kubwa ya Kisumu, Siaya na Homa Bay kura hazikupigwa kabisa. Vijana walikufa katika fujo za miezi ile. Matokeo yakawa nini? Rais aliapishwa. Miezi michache baadaye viongozi wakapeana mikono kwenye ngazi za Jumba la Harambee, na waliosusia wakapata habari hizo kwenye redio kama watu wengine wote.

Najua hoja itakayofuata, maana ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Vijana wa Juni 2024 hawakupiga kura yoyote, na bado katika wiki moja walipata kile ambacho upinzani wote bungeni ulishindwa kukipata. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga. Siku iyo hiyo vijana waliingia Bungeni. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Sitaki kueleweka vibaya: ulikuwa ujasiri mkubwa, na gharama yake ilikuwa damu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano ya miezi ile kuwa 60.

Hata hivyo tufuatilie kisa hadi mwisho wake. Desemba 2024 Rais alitia sahihi sheria nyingine ya kurekebisha kodi, na baadhi ya mambo yaliyokataliwa Juni yakarudi kupitia mlango wa nyuma. Ni Bunge lipi lililoyapitisha? Ni lile lile. Barabara iliuzuia mswada, haikuwaondoa walioupitisha. Wale 195 waliendelea kuketi viti vyao, kwa kuwa mwenye uwezo wa kuwanyang'anya viti hivyo ni mtu aliyesimama katika darasa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi na pipa la plastiki.

Uwezo huo si ndoto, maana umeonekana ukifanya kazi. Walimu wa umri wangu wanaikumbuka Januari 2003. Mwezi mmoja baada ya NARC kushinda, elimu ya msingi ikawa bila malipo, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret. Serikali iyo hiyo ndiyo iliyochafuka kwa kashfa ya Anglo Leasing, hata John Githongo akajiuzulu 2005. Kura ile haikutuletea malaika; ilituletea madarasa yaliyofurika. Nani kati yetu angeirudisha?

Wananchi hao hao waliikatalia serikali rasimu yake ya katiba Novemba 2005. Mwaka 2007, pamoja na yote yaliyoharibika katika hesabu ya urais, waliwang'oa Makamu wa Rais Moody Awori, Nicholas Biwott, Simeon Nyachae na mawaziri wengi. Hayo majina makubwa yalikuwa yamezoea kuabudiwa. Naona kwamba kazi ya kura iko hapo zaidi kuliko katika kumtafuta mkombozi: ni kumfanya aliye kitini alale akijua kwamba kiti si cha urithi. Waliopiga foleni za mlolongo 1988, ambapo mshindi wa asilimia 70 katika mchujo alipita bila kupingwa tena, wanajua wanasiasa huwaje hofu hiyo ikiondolewa.

Sasa nirudie jibu la mwanafunzi wangu mwerevu. Nilipokuwa nikisimamia mjadala wa kidato cha tatu, msichana mmoja alisimama akasema kwamba vyama viwili vikubwa ni kama maduka mawili ya tajiri mmoja: ukikasirikia bei hapa, ukienda pale unamlipa yeye yule. Darasa likapiga makofi. Nikamwuliza mwakilishi wa wadi yake ni nani. Hakujua. Wala waliompigia makofi hawakujua.

Tunapewa karatasi sita, nasi tunazozana juu ya moja. Katiba iliyopitishwa kwa kura Agosti 2010 inaagiza kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na dawa zake zimo mikononi mwa gavana na bunge la kaunti. Wadi ziko 1,450, na huko si ajabu kiti kuamuliwa na kura chache mno. Huko ndiko pia ngome za vyama zinakopasuka. Mwaka 2022 Andrew Mwadime alichaguliwa gavana wa Taita Taveta akiwa mgombea huru, bila chama chochote kikubwa. Kawira Mwangaza alifanya vivyo hivyo Meru, akiwashinda Kiraitu Murungi na Mithika Linturi. (Kwamba Seneti ilimwondoa Kawira 2024 ni kisa kingine, na hakibatilishi cha kwanza.) Kisha kuna kura za mchujo wa vyama, ambazo katika ngome nyingi ndizo uchaguzi wenyewe, na ambazo watu wengi wenye shahada huziachia walevi na wapambe wa wagombea. Tukiviacha vyama mikononi mwa hao, tusishangae vikituletea watu wa aina ile ile.

Atakaye kuona maisha yasiyo na kura hana haja ya kusoma vitabu vya Ulaya. Mbunge wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023. Tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna wakati huo, hadi Julai 2025, na uchaguzi mdogo haukufanywa mpaka Novemba 27, 2025. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu watu wa Banissa hawakuwa na mtu Bungeni wa kumkasirikia, seuze wa kumfukuza. Mswada ule wa 2024 ulipopigiwa kura, sauti yao haikuwamo miongoni mwa wale 195 wala wale 106.

Uchaguzi mkuu unaofuata utakuwa Agosti 10, 2027, na tume ilianza tena kuandikisha wapigakura katika ofisi za maeneobunge Septemba 29, 2025. Katika kidato changu cha nne watano wametimiza miaka 18. Watatu wana vitambulisho. Wawili kati ya hao wameniahidi kwenda kujiandikisha likizo ya Aprili. Wa tatu, ambaye ndiye hodari wao katika insha, ameniambia kwamba bado anafikiri.