Gilasi Mbili za Maji

Mwalimu wa shule moja ya Bagira aliweka gilasi mbili za maji juu ya meza. Maji ya gilasi ya kwanza yalikuwa maangavu kabisa. Mtu aliweza kuona vidole vyake upande wa pili, tena maji hayo hayakuwa na harufu yo yote. Maji ya gilasi ya pili yalikuwa maangavu vilevile, lakini yalinuka dawa kidogo.

Mwalimu akauliza: «Kama mna kiu, mtakunywa maji gani?»

Watoto karibu wote wakachagua gilasi ya kwanza. Walipoinusa ile ya pili wakakunja pua.

Basi mwalimu akawaeleza yalikotoka. Maji ya kwanza yalitekwa katika chemchemi iliyo chini ya mteremko, na juu ya chemchemi hiyo kuna nyumba nyingi pamoja na vyoo vyake. Maji ya pili yalitoka kwenye robine. Harufu ile ilikuwa harufu ya klorini, dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa.

«Mmechagua kwa macho na kwa pua,» mwalimu akasema. «Lakini ugonjwa uliomo majini hauonekani kwa macho, wala haunuki.»

Maji yanayoua

Vijidudu vya ugonjwa ni vidogo mno. Havionekani ila kwa darubini. Maelfu yake yanaweza kukaa katika gilasi moja ya maji, na maji yakabaki maangavu kama kioo. Vingi hutoka katika choo cha mtu mgonjwa. Mvua huvichukua, huvipeleka kwenye kijito, chemchemi au ziwa, na mtu mwingine huvinywa. Hivyo ndivyo watu wanavyopata kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Zamani watu hawakujua jambo hilo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa mmoja wa London, mji mkuu wa Uingereza. Watu zaidi ya 600 walikufa. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza wafu walikunywa maji ya wapi. Akaona kwamba wengi walikuwa wameteka kwenye pampu moja ya barabara ya Broad Street.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyekaa mbali na mtaa ule. Hapo zamani alikuwa amekaa karibu na pampu hiyo, naye aliyapenda sana maji yake, hata akaagiza aletewe chupa kila siku. Aliyanywa, akashikwa na kipindupindu, akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa pia, naye akafa. Maji yale yalikuwa matamu kinywani, kumbe karibu na kisima kulikuwa na shimo la choo lililovuja. Daktari Snow akawashauri wakubwa waondoe mkono wa pampu, watu wasiteke tena, nao wakauondoa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1884, daktari Mjerumani Robert Koch alieleza kijidudu chenyewe kinacholeta kipindupindu.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani na ya mbali tu. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Goma, kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa Kivu. Hawakuwa na maji safi wala vyoo vya kutosha, wakanywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikawashika, na kwa muda wa majuma machache maelfu ya watu wakafa. Ziwa hilo ndilo linaloonekana kutoka vilima vya Bagira.

Safari ya maji mpaka Bagira

Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya ziwa Kivu. Uso wa ziwa wenyewe uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Bagira ni komini mojawapo ya mji huo, pamoja na Ibanda na Kadutu. Nyumba nyingi za kwanza za Bagira zilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Siku hizo mji ulikuwa mdogo. Leo watu wa Bukavu wanakadiriwa kupita milioni moja, na wote wana kiu kila siku.

Maji ya mabomba hugawanywa na Regideso, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1939. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Murhundu, katika milima ya Kabare, nje ya mji.

Maji ya mto hayafai kunywewa hivi hivi. Kwanza hutakaswa. Kazi hiyo ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuzuia majani, vijiti na mchanga visiingie. Hatua ya pili ni kutia dawa iliyo ya namna ya shabu. Dawa hiyo hushikanisha chembe ndogo za udongo, zikawa mabonge, nayo mabonge huzama chini. Hatua ya tatu ni kuyachuja maji katika mchanga mwingi. Hapo maji huwa maangavu, lakini bado hayajawa salama, kwa sababu vijidudu vingine hupita. Kwa hiyo kuna hatua ya nne: hutiwa klorini.

Klorini ina kazi mbili. Huua vijidudu vilivyomo, kisha kiasi kidogo hubaki ndani ya maji na kuyalinda njiani. Kiasi hicho ni kidogo kweli. Kwenye robine yatosha miligramu 0.2 katika lita moja. Ni kama kugawanya gramu moja ya klorini katika mabidoni 250 ya lita 20. Basi harufu ile iliyowakunja watoto pua ni harufu ya mlinzi aliye kazini.

Hatari za njiani

Toka kiwandani mpaka nyumbani maji huenda mbali, nayo hukutana na hatari.

Udongo wa vilima vya Bukavu huporomoka mara nyingi wakati wa mvua kubwa. Ukiporomoka huvunja mabomba. Tena mabomba mengine madogo ya plastiki hupita katika mifereji ya maji machafu, na watu wengine huyatoboa ili wajipatie maji.

Bomba lililojaa maji yenye nguvu likipasuka, maji safi hutoka nje. Hiyo ni hasara. Lakini bomba likiwa tupu, jambo baya zaidi hutokea: maji machafu yaliyo nje huingia ndani kwa tundu lile lile. Yakirudi maji ya kiwanda, huusukuma uchafu huo mpaka robine. Ndiyo sababu maji ya kwanza, baada ya robine kukauka siku nyingi, huja na rangi ya udongo. Maji hayo yafaa kuoshea sakafu, hayafai kunywewa.

Na robine ikikauka, watu hawawezi kukaa bila maji. Watoto huchukua mabidoni alfajiri, hushuka bondeni kwenye chemchemi, kwenye kijito au ziwani. Bidoni la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Mtoto huchelewa shule, naye huleta nyumbani maji asiyoyajua.

Wataalamu walipima hasara ya robine kavu katika mji wa Uvira. Mji huo uko kusini ya Bukavu, mahali mto Ruzizi unapofikisha maji ya ziwa Kivu katika ziwa Tanganyika. Waliandika hesabu toka mwaka 2009 mpaka 2014: siku gani kiwanda cha maji kilifanya kazi, siku gani kilisimama, na wagonjwa wangapi walipelekwa hospitali kwa sababu ya kipindupindu. Waliona hivi: kiwanda kikisimama siku moja, wagonjwa huongezeka kupita mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Kwa hiyo siku moja bila maji si taabu ya kuchota tu. Watu wengine hulipa kwa maisha yao.

Hatari za nyumbani

Hata maji mazuri ya robine yanaweza kuharibika nyumbani. Bidoni lisilooshwa ndani huota utelezi, na vijidudu hukaa humo. Ndoo isiyo na kifuniko huingiwa na vumbi na nzi. Mtoto aliyetoka chooni bila kunawa huchovya kikombe pamoja na vidole vyake, na jamaa yote hunywa.

Basi nyumba yenye busara hufanya hivi. Bidoni la maji ya kunywa huoshwa mara kwa mara kwa maji na sabuni, tena halitumiwi kwa mafuta wala kwa kitu kingine. Maji huwekwa katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Humiminwa, hayachovywi. Watu wote hunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Maji ya chemchemi, ya kijito au ya ziwa hayanywewi kabla ya kutibiwa. Njia ya kwanza ni kuyachemsha mpaka yatokote kwa nguvu. Huko Bagira, kwa sababu ya urefu wa milima, maji hutokota kwa joto la digrii 95 hivi, si 100 kama pwani ya bahari. Lakini joto hilo latosha kuua vijidudu vya ugonjwa. Yakiisha kutokota huachwa yapoe katika chombo kile kile, na kifuniko juu yake.

Makala hugharimu fedha, wala si kila mama anayeweza kuchemsha maji yote ya siku. Kwa hiyo kuna njia ya pili, nayo ni klorini. Maji yenye udongo huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa udongo huimaliza nguvu ya dawa. Kisha hutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa au karatasi ya dawa, na kuachwa nusu saa. Wakati wa kipindupindu watu wa afya husimama pwani ya ziwa na kutia kipimo cha klorini katika kila bidoni. Mtoto asiwakimbie kwa kuogopa harufu.

Lakini kazi si ya nyumba peke yake. Choo kichimbwe mbali na chemchemi, si chini ya mita 30, tena kisiwe upande wa juu wake. Bomba lisitobolewe. Mtoto akiona bomba linalovuja, aende kumwambia mzazi au mwalimu, nao wampashe habari shefu wa avenyu.

Mtu akiugua

Mgonjwa wa kipindupindu huhara maji mengi na kutapika. Mwili wake hukauka upesi, naye anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Kinachomwua ni kupotewa na maji na chumvi. Kwa hiyo apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kunyweshwa kidogo kidogo. Kama hakuna dawa ya paketi, kinywaji kinaweza kutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visiwe na kilima. Chumvi isizidishwe, kwa maana ikizidi hudhuru.

Siku ile mwalimu alipomaliza somo, aliuliza tena: «Mtakunywa maji gani?»

Mtoto wa kiume aliyekaa nyuma akasimama, akasema: «Mwalimu, nitakunywa ya robine.»

«Na kama robine ni kavu?»

Mtoto akafikiri kidogo. Ndipo dada yake, aliyekaa karibu na mlango, akajibu: «Tutateka ya chemchemi. Lakini hatutakunywa mpaka mama ameyachemsha, au yametiwa dawa na nusu saa imepita.»

Mwalimu akaichukua gilasi ya kwanza, akatoka nje, akayamwaga maji yake. Ya gilasi ya pili akayanywa mwenyewe mbele yao.

Maswali

1. Kwa nini watoto walichagua gilasi ya kwanza? Walikosea nini?
2. Mjane wa London alikufaje, ingawa alikaa mbali na pampu?
3. Taja hatua nne za kutakasa maji. Klorini ina kazi gani mbili?
4. Bomba tupu lina hatari gani kuliko bomba lililojaa?
5. Wataalamu waliona nini Uvira?
6. Nyumbani kwenu maji ya kunywa hukaa katika chombo gani? Chombo hicho kiliooshwa lini?