Sevieti si pambo la meza, wala haichukui nafasi ya maji na sabuni

KATIKA karamu nyingi za harusi na hafla za hotelini, mgeni hukuta mbele yake kitambaa kilichokunjwa kwa ustadi. Wapo wanaokiogopa, wakakiacha hapo hadi mlo uishe. Wapo pia wanaokigeuza leso ya kupengea kamasi. Wote hukosea.

Kitambaa hicho, maarufu kama sevieti, kina kazi mbili: kukinga nguo zisichafuliwe na chakula, na kupangusa midomo na vidole wakati wa kula.

Desturi hii ni kongwe. Wagiriki wa kale walijipangusa vidole kwa sehemu laini ya ndani ya mkate, kisha wakawatupia mbwa. Warumi nao walikwenda karamuni na vitambaa vyao, na baadhi yao walifungia humo chakula kilichosalia na kurudi nacho nyumbani.

Ukialikwa, subiri mwenyeji atangulie kukunjua kitambaa chake. Kitandaze mapajani; kama ni kikubwa, kikunje mara mbili. Shingoni huvalishwa watoto. Pangusa midomo taratibu kabla ya kunywa, ili usiache alama ya mafuta kwenye bilauri. Kikianguka sakafuni, mwombe mhudumu akuletee kingine. Ukiondoka kwa muda, kiache kitini. Mlo ukiisha, kiweke kando ya sahani, upande wa kushoto, bila kukikunja upya, asije mtu akadhani hakijatumika.

Hata hivyo, adabu bila usafi ni bure. Nyumbani mwetu, ambako ugali, chapati na pilau huliwa kwa mkono, mgeni hunawishwa kwanza. Kijana wa nyumba hupita na birika na beseni, huku taulo moja likifuata kutoka mkono hadi mkono. Hapo ndipo penye hatari. Taulo bichi linalotumiwa na watu kumi laweza kurejesha viini kwenye mikono iliyokwisha kuoshwa. Afadhali kila mmoja apewe kitambaa chake, au akaushe mikono kwa hewa.

Kosa jingine huonekana katika vibanda vya chakula, ambako mteja hujifuta kwa kipande cha sevieti ya karatasi, kisha akamega ugali. Karatasi huondoa uchafu unaoonekana, lakini haiondoi viini vya maradhi kama vile kipindupindu na homa ya matumbo. Dawa yake ni kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa sekunde 20 hivi.

Vitambaa vya nguo navyo vifuliwe kwa maji moto na sabuni baada ya kila mlo, vianikwe juani na kupigwa pasi. Mwenyeji anayempa mgeni wa pili kitambaa alichotumia wa kwanza, hata kiwe cheupe kiasi gani, hajamheshimu.