Je, Wajua? Itifaki Ndogo Zinazoelewana na Kubwa

Kila siku mkulima wa Bulumbi, Wilaya ya Busia nchini Uganda, hutuma pesa kwa simu ya mulika mwizi, na seva kubwa za Kampala humwelewa bila shida. Kifaa kidogo hakilazimiki kujua yote yanayojulikana na kikubwa. Kinatakiwa kujua kipi kinaachika na kipi hakiachiki. Hiyo ni kazi ya ufundi mkubwa, na sisi wa mpakani tunaishi nayo.

Je, wajua kwamba forodha ya Busia nayo ina utaratibu uliofupishwa? Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kazi Januari 2005. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hutumia cheti cha asili kilichorahisishwa. Maelezo ni machache, lakini afisa wa ng'ambo hukikubali kwa sababu kinajibu swali lile lile la cheti kamili: bidhaa hii imetoka wapi? Mitandao ya kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba laini yako ya simu hubeba utambulisho wa nchi? Ndani ya kadi kuna namba inayoanza na 639 kwa Kenya na 641 kwa Uganda. Ukiwa Busia au Malaba, ambako minara ya nchi mbili hufikiana, tarakimu hizo ndizo zinazoonyesha kama uko nyumbani au ugenini. Tena simu inapozungumza na mnara hutaja uwezo wake, na mnara haudai zaidi ya hapo. Ndiyo maana simu ya bei ndogo na simu janja hushiriki mnara mmoja.

Je, wajua kwamba ukibonyeza \*165# kwa MTN Uganda au \*334# kwa Safaricom, simu yako haijui lolote kuhusu pesa? Inapeleka tarakimu na kuonyesha maandishi yanayorudi, yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja. Hesabu, salio na kumbukumbu zote ziko kwenye seva. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe. Kwa njia hii ya tarakimu, hata menyu imehamia kwenye seva: mzigo ulipelekwa kwa mwenye nguvu, na asiye na nguvu akabaki na kazi anayoiweza.

Je, wajua kwamba meseji moja ni baiti 140, na kwamba herufi 160 huenea humo kwa sababu kila herufi hupewa biti 7 tu? Kiswahili kinaingia chote. Lakini ukiandika *ng'ombe* kwa alama iliyopinda ya kompyuta badala ya ile iliyonyooka, na programu yako isiibadilishe, meseji nzima hugeuzwa kuwa ya biti 16 na nafasi hushuka hadi herufi 70. Anayetuma taarifa ndefu kwa wakulima elfu moja anaweza kulipia mara mbili au zaidi kwa sababu ya alama moja.

Je, wajua kwamba vyuo vikuu vyetu vilituma barua pepe duniani kabla ya kuwa na intaneti kamili? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makerere, Nairobi, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi wa ESANET. Vilitumia FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta ya kawaida, simu ikapigwa, zikapokezanwa kwa mkupuo, kisha laini ikakatwa. Kwenye lango la ng'ambo, kila barua iligeuzwa kuwa barua pepe ya kawaida ya intaneti. Mpokeaji hakuhitaji kujua ilisafiri vipi.

Je, wajua kwamba kanuni za intaneti zenyewe hueleza kipi unaweza kuacha? Waraka uitwao RFC 1122, wa Oktoba 1989, unatenga mambo kwa madaraja: ya lazima, yanayopendekezwa na ya hiari. Anayetengeneza kifaa kidogo huanzia kwenye ya lazima. Waraka huo huo unaagiza kwamba kompyuta ikipokea nyongeza isiyoifahamu ya TCP, itifaki ya kusafirisha data kwa uhakika, iiruke bila kulalamika. Kwa agizo hilo, kompyuta ya zamani na ya leo zinaendelea kuzungumza.

Je, wajua kwamba TCP/IP inaweza kukaa kwenye kifaa chenye kumbukumbu ya baiti mia kadhaa tu? Mwaka 2001 Msweden Adam Dunkels alitoa uIP, programu ya kilobaiti chache. Siri yake ni kutuma kipande kimoja cha data na kungoja kipokewe kabla ya kutuma kingine. Kanuni za TCP zinaruhusu hivyo. Kinachopotea ni kasi, maelewano yanabaki.

Je, wajua kwamba ufupisho huo ulizua ucheleweshaji wa ajabu? Kompyuta nyingi hazithibitishi kila kipande papo hapo. Husubiri kidogo, pengine sehemu ya tano ya sekunde, zikitarajia cha pili. Kifaa cha kutuma kimoja kimoja hukwama kila mara. Dawa ilikuwa kukigawa kipande kimoja viwili: cha pili kinapofika, uthibitisho hutoka mara moja. Upande mkubwa haukubadilishwa hata kidogo.

Je, wajua kwamba unaweza kuuliza saa duniani kwa baiti 48, na 47 kati yake zikawa sifuri? Hiyo ni SNTP, toleo dogo la NTP, itifaki ya kusawazisha saa iliyobuniwa na David Mills. Pakiti ni ile ile, na seva hujibu mkubwa na mdogo sawasawa. Hesabu ngumu za kusawazisha saa nyingi ndizo zilizoachwa.

Je, wajua kwamba kupunguza vibaya kunaweza kumwumiza jirani? Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilifurikwa na maombi ya saa kutoka kwa ruta za Netgear. Zaidi ya ruta 700,000 zilikuwa zimetengenezwa zikiwa na anwani ya seva hiyo moja, na zisipojibiwa ziliuliza tena kila sekunde. Msimbo ulikuwa mfupi, ila kilichoachwa kilikuwa subira, na subira si ya hiari.

Je, wajua kwamba HTTP, itifaki ya tovuti, ina mdogo wake? CoAP, iliyochapishwa Juni 2014 kama RFC 7252, ina kichwa cha baiti 4 na inafaa kwa vihisi vya betri. Hata kosa la 404 limehifadhiwa, likaandikwa 4.04, ili wakala wa katikati atafsiri kwa urahisi kati yake na HTTP.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, kiko humu humu wilayani Busia? Mwanafunzi wetu akitengeneza kihisi cha unyevu wa udongo kwa mashamba ya Bulumbi, asidhani ni lazima kwanza apate kompyuta kubwa. Asome yaliyo ya lazima na kuyatimiza yote. Akijaribie kifaa chake kwa seva kamili iliyoandikwa na wengine, maana vifaa viwili vyenye kosa moja huelewana vizuri sana. Kisha, seva ikinyamaza, kifaa kiongeze muda wa kungoja kila kinapouliza tena. Akizingatia hayo, kihisi chake cha bei ndogo kitazungumza na seva yoyote duniani inayofuata kanuni hizo hizo.