Blaupunkt: Jina la Mjerumani, Mali ya Nani?

Ndugu zangu, sisi wa Mbaraki tumezoea kuona magari yakitoka bandarini. Gari la Japani likifika, redio yake haishiki stesheni zetu nyingi, maana FM ya kule imepangwa chini ya yetu. Basi wengi huamua kubadilisha redio, na hapo ndipo utasikia fundi akisifu: "Chukua hii, ya Mjerumani." Leo naomba tuitazame Blaupunkt, tujue sifa hiyo ilitoka wapi na imefikia wapi.

Kampuni ilianza Berlin miaka ya 1920 kwa jina la Ideal, ikiuza hedifoni za kusikilizia redio. Kila hedifoni iliyopimwa ikaonekana nzima ilitiwa nukta ya buluu. Wanunuzi wakawa hawaulizi Ideal, wanauliza nukta ya buluu, yaani Blaupunkt kwa Kijerumani. Mwaka 1938 kampuni yenyewe ikajiita hivyo. Chema chajiuza.

Mwaka 1932 ilitoa AS 5, redio ya gari ya kwanza Ulaya, yenye uzito wa kilo 15 hivi. Mwaka uliofuata ikaingia mikononi mwa Bosch, ikakaa humo zaidi ya miaka 70. Hapo ndipo sifa ilipojengeka.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2009 Bosch iliiuza kwa Aurelius, kampuni ya uwekezaji. Mwaka 2015 ikaomba kufilisika. Lakini jina halikufa. Jina la biashara ni mali kama nyumba: huuzwa na hupangishwa. Leo makampuni mbalimbali hulipia leseni ya kulitumia, wakalitia kwenye televisheni, vyombo vya jikoni, hata baiskeli za umeme. Kitu chaweza kuwa kizuri, ila aliyekitengeneza si yule aliyetia nukta ya kwanza.

Sisemi msinunue. Nasema geuza boksi usome: kimetengenezwa wapi, na nani? Muulize mwenye duka: kikiharibika, nani atakitengeneza hapa Mombasa? Garantii iko kwa maandishi? Nukta ile ilikuwa na maana kwa sababu mtu alikipima kitu kabla ya kukiuza. Siku hizi kupima kumebaki kwetu wanunuzi. Pesa ya halali ina jasho. Tusiitoe kwa jina tupu.