Noeli na Bonane: karamu yenye kutoka shambani kwetu

Noeli iko mlangoni na Bonane inaifuata nyuma kwa siku saba tu. Katika vijiji vyetu vya Kivu mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa furaha, lakini ni mwezi wa hesabu ngumu pia. Maharagi ya msimu A yangali shambani: mengine yanaanza kukauka, mengine ni mabichi kabisa. Gunia la mbegu ya msimu B liko kwenye kona ya nyumba, linatuangalia. Watoto wanasubiri wali, nyama, soda na gato. Na mfanyabiashara anajua vizuri kama tuko na haraka ya franga. Anapita kati ya tarehe 15 na 23, ananunua maharagi yangali shambani, na bei anaisema yeye.

Kila mwaka tunasikia neno moja: "Tuuzishe tu kidogo, Noeli inakuyaka mara moja kwa mwaka." Ni kweli inakuja mara moja. Lakini mwezi wa pili, wakati wa kupanda, ile mbegu tuliuzisha tunaifuata tena sokoni, na pale bei haiko ile ya mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo habari hii inaongea juu ya sufuria, lakini inaongea pia juu ya lile gunia la kona. Tunataka kuonyesha namna familia ya watu 8 ao 10 inaweza kula vizuri, na kitu tamu cha mwisho juu yake, bila kugusa mbegu.

Tuanze na vile vyenye kununuliwa. Ni vichache: mchele, sukari, mafuta ya kukaanga, unga wa ngano, chumvi. Kosa la wengi ni kuvinunua kwa kopo, kila mtu peke yake, tarehe 24 asubuhi, wakati soko imejaa na bei imepanda. Vikundi vya AVEC vyenye kugawa akiba mwisho wa mwaka vinaweza kukaa mapema, wiki mbili mbele, na kununua gunia moja la mchele la watu wote. Wanamemba wa bonde la Ruzizi wako na mchele, watu wa milima wako na maharagi na viazi vya kizungu. Koperative mbili zenye kujuana zinaweza kubadilishana hata bila franga nyingi. Soda yenyewe tunaiacha wapi? Kwa maoni yetu, soda ndiyo inakula franga bure kuliko kitu chochote cha Noeli. Maji ya maracuja ao ya nanasi, yenye kutengenezwa na maji yaliyochemshwa na sukari kidogo, watoto wanayamaliza vilevile.

Nyama nayo ni ya kuchanga. Nyumba tano zinachinja mbuzi moja ao nguruwe moja, kila nyumba inapata kilo zake, hakuna mwenye kubaki na nyama ya kuoza. Wenye kufuga sungura ao kobayi, hawa wengine wanawaita simbilisi, wako na nyama yao karibu: mnyama mdogo anamalizika siku moja, na wazazi wao wanabaki kwenye kibanda kuzaa wengine. Karibu na Ziwa Kivu kuna sambaza, huyu samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 na leo ni kama mzaliwa. Sambaza wa kukaanga, na ndimu na pilipili, wanafungua karamu vizuri sana wakati watu wanangojea sufuria kubwa.

Sasa kuku. Jogoo wa kijiji ni mgumu, tusidanganyane, haivi kwa dakika 40 sawa kuku wa frigo. Umkate vipande, umchemshe na kitunguu, chumvi na tangawizi mpaka nyama inaanza kuachana na mfupa; kwa jogoo mzee inaomba saa mbili. Wenye kukaa kwenye ngazi, kama Maniema, Fizi ao Beni, watapika mwambe: kilo moja ya ngazi inachemshwa mpaka inakuwa laini, inatwangwa kwenye kinu polepole bila kupasua kokwa, inatiliwa maji ya moto, inakamuliwa na kuchujwa. Ule musosi unarudi kwenye moto peke yake, unachemka mpaka unakuwa mzito na mafuta yanapanda juu, ndipo kuku anaingia. Watu wa milima hawana ngazi, wao waweke karanga: vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, unalainisha na mchuzi ule wa kuku, unamwaga polepole huku unakoroga, moto mdogo, juu karanga zinapenda kushika chini ya sufuria.

Na hapo Masisi kuna fromaji. Viazi vya kizungu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikapangwa kwenye sufuria na kitunguu, maziwa kikombe kimoja na fromaji iliyokwanguliwa juu, moto mdogo chini na makala machache juu ya kifuniko: chakula hicho wazee wasio na meno wanakishukuru, na hakiombi nyama.

Bila sombe karamu yetu haiitwe karamu. Lakini sombe na bugali ya muhogo vinaomba tukae hapa kidogo, sababu ndipo haraka ya sikukuu inaweza kuumiza watu.

Muhogo, sanasana ule wa uchungu, uko na sumu katika mizizi na katika majani. Kwa majani, dawa ni kutwanga vizuri na kuchemsha. Ukitwanga, sumu inaachana na jani. Ukichemsha bila kifuniko, inapanda na mvuke na kwenda zake. Kwa hiyo sombe ya kukatakata tu na kisu, ikafunikwa na kupikwa nusu saa sababu wageni wamefika, hiyo si sombe ya kula. Majani machanga, yatwangwe mpaka yawe laini kabisa, maji mengi, sufuria wazi, saa moja na nusu hivi. Kisha kitunguu, puaro, biringanya, samaki mkavu, na mawese mwisho mwisho. Mawese yakiingia mapema yanapoteza harufu yake nzuri.

Kwa unga, mambo ni magumu zaidi. Muhogo wa uchungu unapaswa kulowekwa siku 3 kamili, na kwenye milima ya baridi hata 4 ao 5, mpaka unakuwa laini kwenye vidole. Mwezi huu wa kumi na mbili soko inaomba unga mwingi, mvua inanyesha, jua ni kidogo, na wengine wanatoa muhogo kwenye maji kisha siku moja tu. Siku moja ya karamu haileti ugonjwa wa miguu. Lakini unga wa haraka unabaki katika gunia, na familia inaula mwezi wote wa kwanza, wakati nyama na samaki vimemalizika. Hivyo ndivyo konzo inaingia. Ugonjwa huu unajulikana katika inchi yetu tangu zamani: daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unakamata sanasana watoto na wamama wenye umri wa kuzaa, miguu inakauka kwa ghafula, na haiponi tena. Na hata bila konzo, muhogo wenye sumu nyingi unaweza kuleta kizunguzungu na kutapika siku ileile.

Kama umenunua unga na haujui uliloweka nani na siku ngapi, kuna njia rahisi yenye kusaidia. Changanya unga na maji mpaka uwe kama udongo wenye maji kidogo, uutandaze kwenye sahani pana ao turubai safi, usipite sentimeta moja kwa unene. Uache saa 2 kwenye jua, ao saa 5 kwenye kivuli, sumu nyingi inatoka katika hewa. Kisha upike bugali siku ileile, usiuweke mpaka kesho. Tena, sahani ya maharagi pembeni ya bugali inasaidia mwili kushinda sumu yenye kubaki. Ndiyo sababu nyingine ya kutouzisha maharagi yote.

Maharagi yenyewe yanakula makala mengi, na makala haiko rahisi leo. Yaloweke usiku mzima, umwage maji yale, uyachemshe kwa moto mkali dakika 30. Halafu uchukue kikapu kikubwa, ndani uweke majani makavu ya ndizi ao nguo nzee unene wa mkono, uingize sufuria ingali inachemka na kifuniko chake, ufunike na mto ao blanketi. Usifungue. Mama anaenda kwenye misa ya asubuhi, anarudi kisha saa tatu ao nne, anakuta maharagi yameiva bila kijiti kimoja cha moto. Yapate tena moto mpaka yachemke, utie kitunguu na mafuta, yamekwisha. Mchele pia unakubali kikapu: chemsha dakika 5, na nusu saa ndani ya kikapu inatosha.

Tufike kwa vitu vitamu, maana ndivyo watoto wanavikumbuka.

Mandazi ya ndizi inaanza na ndizi zilizoiva sana, zile zenye ganda jeusi ambazo sokoni hazipati mnunuzi. Chukua 6 ndogo, uzivuruge, utie unga wa ngano nusu kilo, vijiko vitatu vya sukari, kijiko kidogo cha chachu na chumvi kidogo, maji ya vuguvugu mpaka unga uwe mzito lakini unaanguka kutoka kwenye kijiko. Funika saa moja. Kaanga kijiko kwa kijiko. Robo ya unga wa ngano inaweza kubadilishwa na unga wa muhogo, hakuna mtu atajua, na franga inabaki.

Unga huo wa muhogo wa kufanya gato na mandazi hauko ule wa bugali. Ule wa kuloweka uko na harufu kali, utaharibu utamu. Tumia muhogo mtamu peke yake, usiwe wa uchungu hata kidogo: toa maganda, osha, kwangua, ukamue maji yote katika mfuko mgumu, ukaushe siku ileile, usage na kuchunga. Koperative yenye mashini inaweza kuufanya na kuuzisha kwa wenye kupika mikate. Hilo ni neno la kuzungumza kwenye mukutano wa mwaka mupya.

Kwa gato: mayai 4, sukari gramu 150, piga pamoja mpaka iwe nyeupe na yenye povu, hapa mkono usichoke haraka. Mafuta nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, unga wa ngano gramu 150 na wa muhogo gramu 100, pakiti moja ndogo ya poda ya kuumusha, ganda la ndimu lililokwanguliwa. Furu hatuna. Twaa sufuria kubwa, weka mchanga mkavu vidole viwili, mawe matatu madogo juu yake, funika na upashe moto dakika 10. Weka ndani sufuria ndogo yenye gato, iliyopakwa mafuta. Makala machache chini, makala mengi juu ya kifuniko, kwa sababu moto wa chini ndio unaunguza. Kisha dakika 45 chomeka kijiti safi: kikitoka kikavu, imeiva. Kama unga umeshika kijiti, funika tena na usiwe na haraka.

Chakula cha mkesha kinapikwa mara nyingi saa kumi na kuliwa usiku wa manane. Nyama, sombe na wali visikae vuguvugu katikati ya hapo. Ao vinabaki kwenye moto ao ndani ya kikapu vikiwa vya moto sana, ao vinapikwa usiku. Vya kubaki vichemshwe kabisa asubuhi mbele ya kula, na wali uliolala bila kufunikwa upewe kuku. Maji ya kunawa na sabuni yawekwe mlangoni, pahali wageni wote wanapita, sababu mvua hizi zinaleta pia kolera.

Mwisho, karanga za sukari. Chagua karanga moja moja, kila yenye ukungu ao iliyonyauka na kugeuka rangi itupwe, hata mifugo usiwape. Gramu 250 za karanga, gramu 125 za sukari, vijiko vitatu vya maji, vyote pamoja kwenye sufuria, moto wa kadiri. Koroga tu. Sukari itakauka na kuwa kama mchanga, usiogope, endelea mpaka inayeyuka tena na kushika karanga rangi ya asali. Mwaga kwenye sahani yenye mafuta, uachanishe na uma ingali ya moto. Zikifungwa ndani ya kopo kavu zinafika Bonane bila shida, kama watoto hawajajua pahali kopo limefichwa.