Hamu ya Bustani Iliyo Mbali

Anayetoka Endagikot akashika barabara ya kaskazini kuelekea Karatu huacha nyuma mashamba ya mahindi na maharage, na baada ya safari ya vumbi au ya tope, kwa kadiri ya msimu, hufika kwenye miteremko ya Oldeani. Udongo wa huko ni mwekundu. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na baridi yake huwashangaza wageni wadhanio kwamba Afrika yote ni joto. Hali hiyo ya hewa ndiyo iliyowavuta walowezi wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, walime kahawa huko; na ndiyo iliyoyafanya mawaridi yao yastawi kana kwamba hayakuhamishwa kwao.

Shamba linalojulikana zaidi ni la Gibb, karibu na mji wa Karatu. Lilianzishwa na walowezi wa Kijerumani mwaka 1929, likanunuliwa na Mwingereza James Gibb mwaka 1948, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakafungua hapo nyumba ya wageni. Bustani yake ya maua na mboga ingali ikitembelewa hadi leo. Mashamba mengine mengi hayakupata bahati hiyo. Yalibadili mikono, maua yakapisha vitunguu na mahindi, na kilichosalia ni wigo usiopogolewa au mjakaranda uliosimama peke yake. Lakini kila bustani ya namna hiyo, iwe imesalia au imetoweka, ilikuwa na watu wawili wa kuipenda: yule aliyeiagiza na yule aliyeimwagilia maji. Wa kwanza ameandikwa vitabuni. Wa pili aghalabu alikuwa Mwiraqw, na ikiwa bado yu hai, sasa ni mzee ajaye kliniki akiwa na kadi ya shinikizo la damu mkononi.

Mmoja wa wazee hao ni bibi wa Endagikot, ambaye ameridhia habari zake zielezwe hapa bila jina. Moyo wake haumudu tena kusukuma damu ipasavyo, baada ya miaka mingi ya shinikizo lisilotibiwa. Miguu humvimba, pumzi humkatika akipanda kilima, na usiku hulala ameegemea mito. Katika mwaka mmoja alilazwa mara tatu, na kila mara sababu ilikuwa ileile: alikuwa ameacha vidonge. Muuguzi alipomwuliza kwa nini, hakutaja gharama wala madhara ya dawa, ambayo ndiyo majibu tuliyozoea kuyaandika kwenye faili. Alisema, "Mjukuu wangu, nimeze dawa ili nibaki kufanya nini? Ninachokitaka mimi hamkiandiki kwenye karatasi."

Alichokitaka ni kwenda kuiona bustani. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano alipoajiriwa kuchota maji katika shamba moja la mlowezi huko Oldeani, na baadaye akakabidhiwa mawaridi. Aliyahudumia miaka kumi na mmoja, mpaka alipoolewa na kurudi Mbulu. Tangu hapo hakukanyaga tena. Mwanawe, ambaye ndiye anunuaye dawa, alikataa kwa adabu: "Mama, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni dawa za mwezi." Majirani nao walikuwa na neno lao. Mzee aombaye kupelekwa mahali pa ujana wake, walisema, anaaga. Kumpeleka ni kuyaharakisha yajayo.

Ombi la namna hii husikika mara nyingi wodini, na mara nyingi hupuuzwa. Kwa mwingine si bustani, bali ni ufuko wa Ziwa Tlawi alikochungia ng'ombe, au uwanja wa shule aliyosoma. Sisi watoa huduma huliita matamanio ya uzee, tukaendelea kupima presha. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ombi hilo ni sehemu ya historia ya mgonjwa, na lastahili kuandikwa pale panapoandikwa kikohozi na homa.

Tiba yenyewe iliwahi kulichukulia kwa uzito mkubwa. Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu katika chuo kikuu cha Basel, Uswisi, juu ya ugonjwa alioutungia jina kwa maneno mawili ya Kigiriki: moja lina maana ya kurudi nyumbani, jingine maumivu. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza ni msichana wa shamba aliyelazwa mjini baada ya kuanguka. Alikataa chakula na dawa, akawa anarudia jambo moja tu, kwamba anataka kwenda kwao. Aliporudishwa, alipona. Leo hatuuhesabu tena kuwa ugonjwa, na pengine ni vema. Ila pamoja na jina tumeutupa pia usikivu aliokuwa nao Hofer.

Kwa nini basi bustani, na si duka au ofisi? Sehemu ya jibu imo puani. Hisia nyingine, kama kuona na kusikia, hupitia kwanza katika kituo cha ndani ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu huenda karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusika na hisia za moyoni na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya udongo uliomwagiwa maji jioni yaweza kumrudisha mtu miaka hamsini nyuma kabla hajatambua amenusa nini. Sehemu nyingine ni umri. Watu wazima wakiombwa kusimulia maisha yao, hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini, wakati tulipojifunza kazi, tukapenda, tukasifiwa kwa mara ya kwanza. Bibi yetu alisifiwa kwa mawaridi. Hajawahi kusifiwa hivyo tena.

Waingereza wenyewe hawaoni haya kusafiri mbali kwa ajili ya bustani waipendayo. Huko Kent, mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson walinunua mwaka 1930 magofu ya Sissinghurst na kuyazungushia bustani. Walipoifungua kwa umma mwaka 1938, kila mgeni alilipa shilingi moja, na mwenye bustani akawaita wageni wake kwa jina la shilingi hizo. Watu hurudi huko mwaka baada ya mwaka, wengine na mkongojo, wengine wakisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Miaka ya karibuni huduma ya afya ya Uingereza imeanza kuwaelekeza baadhi ya wagonjwa kwenye kazi za bustani pamoja na dawa zao.

Ushahidi wa kitabibu upo, ijapokuwa usikuzwe kupita kiasi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu walilala karibu na dirisha lililotazama miti, nusu karibu na dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitalini mapema kidogo, kwa wastani wa chini ya siku moja, na walihitaji dawa chache za maumivu makali. Ni utafiti mdogo. Lakini hospitali zinazokata miti ya uani ili kupata maegesho ya magari zingefaa kuusoma kabla ya kuleta shoka.

Tukirudi kwa bibi, muuguzi na daktari waliamua kutobishana naye, wakamketisha pamoja na mwanawe na kuzungumzia safari kama jambo la kitabibu. Hapo ndipo lilipofichuka jambo ambalo kila mtoa huduma angependa kulijua: hata safari fupi za sokoni bibi alizifanya bila kumeza furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, kwa kuogopa kubanwa na mkojo ndani ya Noah iliyojaa abiria wasiomjua. Kisha, akishaizoea nafuu ya kutokwenda msalani, huendelea kuiacha siku mbili tatu zaidi. Aibu hiyo ilimlaza hospitali mara tatu, na hakuna kipimo cha damu ambacho kingeionesha.

Daktari alimwelekeza asiiache dawa bali auhamishe wakati wake: siku ya safari aimeze akishafika, si alfajiri. Ruhusa ya namna hii hutolewa na daktari anayemjua mgonjwa. Msomaji asijipangie mwenyewe. Walichagua kiangazi, barabara ikiwa kavu. Gari lisimame njiani ili anyooshe miguu. Chakula kitoke nyumbani, kwa sababu chipsi na nyama choma za stendi zina chumvi nyingi mno kwa moyo kama wake. Apimwe uzito kabla ya kuondoka na siku tatu baada ya kurudi. Ukiongezeka kwa kilo mbili au zaidi, aje kliniki bila kusubiri tarehe yake.

Jambo moja zaidi alionywa, nalo lawahusu wote wapendao maua. Miongoni mwa vidonge vyake kuna digoksini. Asili ya dawa hiyo ni jamii ya ua refu la rangi ya zambarau, dijitali, lililo la kawaida katika bustani za Kiingereza. Daktari William Withering wa Birmingham alichapisha kitabu juu yake mwaka 1785, baada ya kuletewa dawa ya miti shamba ya kutibu mwili kuvimba, ambayo bibi mmoja wa Shropshire alikuwa ameificha kama siri ya ukoo. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua hakiachani sana. Kwa hiyo majani ya ua hilo, au ya oleanda ambayo ina sumu ya namna hiyo na hupandwa sana nchini mwetu, yasichemshwe kamwe, hata kama jirani amesema yanasaidia moyo.

Safari ilifanyika. Nusu ya bustani ilikuwa shamba la vitunguu, na nyumba ilikuwa na bati jipya. Mawaridi yake yalikuwa yametoweka isipokuwa moja, lile la kutambaa, lililokuwa limepanda juu ya tangi la maji na kulifunika. Mlinzi alimwachia aketi. Mwanawe anasimulia kwamba alilia kwa muda, kisha akamkaripia mlinzi kwa namna waridi lile lilivyopogolewa, akamwomba kisu.

Hatudai kwamba bustani ilimponya. Moyo wake ni uleule, na vipimo havikubadilika kwa namna ya kutia matumaini makubwa. Kilichobadilika ni kwamba humeza vidonge kila siku, hata siku za safari, na mwanawe sasa ndiye aulizaye saa ya furosemidi. Majirani bado wanangoja yale waliyoyatabiri.

Alirudi na vipandikizi vitatu vilivyofungwa kwa kitambaa chenye maji. Viwili vilikufa. Cha tatu amekipanda nyuma ya jiko, panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuwa na jani lake ndani ya kadi. Lilikuwa na ukungu mweupe. Alitaka kujua kama duka la dawa la hospitali lina kitu cha kuutibu. Muuguzi alimwelekeza kwenye duka la pembejeo mjini, akampima uzito, akamwandikia tarehe ya kurudi.