Kufifia kwa Hofu na Tiba ya Kuikabili

Tiba ya kukabili hofu ni utaratibu ambao mtu mwenye maradhi ya wasiwasi huongozwa na mtaalamu kukikaribia, hatua kwa hatua, kile anachokiogopa pasipokuwapo hatari ya kweli. Ingawa wengi huidhani kuwa njia ya kung'oa hofu kama mkulima ang'oavyo magugu, utafiti wa maabara unaonyesha kwamba hofu iliyokwisha kuota mizizi husalia ubongoni, na kwamba anachokipata mgonjwa ni funzo jipya linalolazimika kushindana na kumbukumbu ya zamani.

Chanzo cha maarifa hayo ni kazi ya Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi, aliyewazoesha mbwa kutokwa na mate kila walipopata ishara iliyotangulia chakula. Ishara ilipotolewa mara nyingi bila chakula, mate yalipungua hadi yakakoma, lakini baada ya mapumziko yalirudi yenyewe, jambo lililodhihirisha kwamba funzo la awali halikuwa limefutika. Hofu nayo hufuata kanuni hiyohiyo: panya anayesikia mlio unaofuatwa na mshtuko wa umeme hujifunza upesi kuuogopa mlio wenyewe, akawa anaganda kila ausikiapo, lakini mlio ukirudiwa mara nyingi bila umeme, kuganda huko hupungua, na hali hiyo ndiyo inayoitwa kufifia kwa hofu. Wahenga waliosema kuwa mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka walikwisha kuona nusu ya kwanza ya kanuni hii, kwa kuwa unyasi hauumi mtu, ila umekuwa ishara ya kinachouma.

Nusu ya pili ilifafanuliwa zaidi na Mark Bouton, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeonyesha kwamba kufifia kwa hofu hutegemea sana mazingira. Panya aliyefundishwa hofu katika tundu moja, kisha hofu hiyo ikafifia katika tundu jingine, huogopa tena akirudishwa katika lile la kwanza. Kwa maneno mengine, funzo la hatari husambaa kwa urahisi, ilhali funzo la usalama hushikamana na mahali lilipopatikana.

Ubongo wenyewe unathibitisha ushindani huo. Amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, hushiriki katika kuhifadhi uhusiano kati ya ishara na hatari. Eneo la kati la gamba la mbele la ubongo husaidia kuizuia amigdala isiamshe woga. Na hipokampasi, inayotambua mazingira, huchangia kuamua ni kumbukumbu ipi itakayotawala. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk walionyesha kwamba chembe za neva za eneo hilo la mbele katika panya huitikia mlio pale mnyama anapokumbuka kuwa hofu yake ilikwisha kufifia.

Kutokana na matokeo hayo, wataalamu kama Michelle Craske wamependekeza kwamba mafanikio ya tiba yasipimwe tu kwa jinsi woga unavyoshuka wakati wa zoezi, bali pia kwa kiasi ambacho tarajio la mgonjwa limekanushwa. Anayeogopa lifti kwa kuamini kwamba atakosa hewa hutaja kwanza tarajio hilo, kisha hupanda na kulipima. Mazoezi yafanywe katika majengo tofauti na saa tofauti, ili usalama usifungamane na kliniki, na mgonjwa aache kinga ndogondogo, kama kumshika mwenzake mkono, ambazo humfanya adhani kuwa ndizo zilizomwokoa.

Kwa mtazamo huu, mgonjwa anayeshtuka tena miezi kadhaa baada ya tiba hajapoteza alichojifunza, kwani mate ya mbwa wa Pavlov nayo yalirudi baada ya mapumziko. Anachohitaji ni kulirudia zoezi, na hasa pale pale hofu ilipojitokeza upya.